Usikague daftari, mwambie akusimulie

Mwaka jana binti yangu alipoingia kidato cha kwanza nilijiona mzazi makini kupita kiasi. Kila Jumapili jioni nikishafunga duka, namwambia alete madaftari yote mezani. Nafungua moja moja. Mwandiko mzuri, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, makaunta buku yamevalishwa magazeti na nailoni juu. Naweka sahihi, namrudishia, naendelea na hesabu zangu za mauzo nikiwa na amani.

Matokeo ya muhula wa kwanza yakaja. Fizikia F. Hisabati F. Jiografia D. Halafu Historia ya Tanzania na Maadili, A.

Nilifoka. Kisha nikafanya wanachofanya wazazi wengi hapa Tabata: nikamtafutia tuisheni, elfu moja kwa siku. Akawa anarudi jioni amechoka, daftari limeongezeka lingine, nalo zuri vilevile.

Aliyenifumbua macho ni mama yangu, ambaye hata darasa la saba hakumaliza. Alikuja kutoka Tanga kututembelea, na siku moja baada ya kula akamwita mjukuu wake. "Hebu nihadithie, huko shuleni wiki hii mmefundishwa nini?" Mtoto akaanza na Historia. Robo saa nzima! Akaeleza bonde la Oldupai, akaeleza namna mtafiti Mary Leakey alivyoliona lile fuvu la zamadamu tarehe 17 Julai 1959, na kwamba lina umri wa miaka kama milioni 1.75. Bibi anauliza, yeye anajibu, mpaka mdogo wake akaacha katuni akaja kusikiliza. "Haya, na lile somo jingine gumu?" Mtoto akasimama wima kama yuko mstarini asubuhi: "Density is mass per unit volume."

"Ndiyo nini?" akauliza bibi.

Kimya. Akarudia sentensi ileile, safari hii kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo nilipoelewa kile kirefu cha A na kile cha F. Historia ya Tanzania na Maadili inafundishwa kwa Kiswahili. Fizikia, Jiografia, Baiolojia na Hisabati ni kwa Kiingereza. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili miaka saba, Januari moja anaamka kila kitu kimegeuka, na njia pekee ya kuokoka anayoijua ni kunakili ubao ulivyo na kukariri. Daftari lake linakuwa zuri kweli, ila mimi nilikuwa nasaini kazi ya mkono nikidhani nasaini kazi ya kichwa.

Tangu usiku ule sikagui. Namwambia asimulie, kwa Kiswahili, somo moja baada ya jingine, wiki hii walifika wapi. Sheria ni moja tu: daftari limefungwa. Pale Kiswahili chake kinapokwama na anaanza kukimbilia sentensi ya ubaoni, najua hapo hajaelewa. Sihitaji mimi kuijua Fizikia ili niligundue hilo, maana bibi yake aliligundua bila kujua hata neno moja.

Ile densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganisha na nafasi kinayochukua, tuliimalizia dukani. Nauza mafuta ya kupima, kwa hiyo mizani ipo. Nikamwambia apime mafuta ya kula lita 20. Ukiondoa uzito wa dumu, yalikuwa kilo 18 na ushee. Akamwaga maji kwenye dumu jingine la ukubwa uleule: kilo 20. Nafasi ni ileile, uzito umetofautiana. Alikaa anaitazama ile mizani, kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana mafuta yanaelea juu ya mchuzi." Mwenyewe! Na baada ya dakika mbili akanigeuzia kibao: "Mama, kwa hiyo anayenunua kilo anapata mengi kuliko anayenunua lita, mbona bei unawafanyia sawa?" Hilo nilimwambia akalale.

Hisabati ilituchekesha zaidi. Alikuwa anakosa maswali yenye mabano na alama nyingi, anasema BODMAS haiingii akilini. Mdogo wake wa darasa la tano akachungulia daftari: "Dada, si MAGAZIJUTO hiyo?" Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Alikuwa nayo kichwani tangu shule ya msingi, imevalishwa tu nguo nyingine asiitambue. Siku hizi kila mada mpya namuuliza kwanza: hii hamkuisoma kwa Kiswahili zamani? Mara nyingi walishaisoma, hata kama si kwa kina.

Jiografia tuliinunua kwa chupa ya maji iliyotupwa. Ilikuwa masika, darasani wanasoma hali ya hewa na vipimo vyake, naye haelewi milimita za mvua zinapimwaje ilhali mvua ni maji na maji hupimwa kwa lita. Tukakata chupa juu, tukaigeuza ile shingo kuwa faneli, tukamimina maji kidogo hadi usawa wa sifuri pale kitako kinapoacha kuwa na mabonde, tukabandika rula pembeni na kuiweka uani mbali na paa. Asubuhi moja ilisoma milimita 30. Halafu jambo ambalo hata mimi sikulijua, akalileta kutoka kwa mwalimu wake: milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita ya mraba. Tukapima paa letu, mita za mraba 40 hivi. Mara 30, lita 1,200. Usiku mmoja tu! Tangi langu la lita 1,000 lingejaa na kumwagika, na mimi wiki ileile nilikuwa nimenunua maji ya boza. Mwezi uliofuata nikaweka gata. Sijui nani alimfundisha nani hapo.

Msidhani kila Jumapili ni sherehe. Nyingine tunamaliza kwa dakika kumi, wote tumechoka, amesema masomo mawili basi. Na kuna wiki somo linarukwa kabisa. Ukisikia "hatujasoma kitu" mara moja, usishtuke. Ukisikia wiki tatu mfululizo, fungua daftari uangalie tarehe, maana hapo ndipo tarehe zinapofaa. Mwaka jana Kemia ilikwama hivyo. Nikaenda shuleni nimejifunga kanga kiunoni kwa hasira, nikaelekezwa kwa mwalimu wa taaluma, nikakuta mwalimu wa Kemia yuko likizo ya uzazi na aliyebaki ni mmoja kwa mikondo yote. Hasira ikaisha, aibu ikabaki. Lakini kwa kuwa nilifika, nilijua mada zipi zimerukwa, na vitabu tukavipata kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, bure, kwa simu. Nawashauri mwende mapema, na mwende kwa salamu. Yule mwalimu ana madarasa yaliyofurika, na mzazi anayekuja kuuliza "wamefika mada gani" anapokelewa tofauti na anayekuja kuuliza "mbona mwanangu anafeli".

Na msimvunje mtoto moyo kwenye Kiingereza. Baada ya kusimulia kwa Kiswahili tukaelewana, ndipo anairudia kwa Kiingereza, maana mtihani hautamuuliza kwa lugha ya bibi yake. Sasa yuko kidato cha pili, na Upimaji wa Kitaifa wa mwisho wa mwaka haukwepeki, asiyefikia kiwango anarudia darasa. Tuisheni nimebakiza Hisabati peke yake. Jumamosi moja ile pesa niliyookoa ilitupeleka Posta, Makumbusho ya Taifa, ndiko fuvu la Oldupai linakohifadhiwa, na njiani nikamwonyesha Sanamu ya Askari ya mwaka 1927. Akaniambia, bila kuulizwa, kwamba jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza cha Vita ya Kwanza ya Dunia, vita ileile ya huyo askari wa sanamu. Nimefanya biashara Kariakoo miaka kumi na mbili!

Wiki hii, kwa anayetaka kujua, Fizikia wako kwenye umeme tuli. Alisugua kitana kwenye nywele ili kivute vipande vya karatasi kama alivyosoma, karatasi hazikusogea, akaona amedanganywa. Jumatatu mwalimu akamwambia ni unyevu wa Dar msimu huu wa mvua, umeme unavuja kabla haujakusanyika, ajaribu siku kavu. Kiswahili wako kwenye ngeli, hapo hanihitaji. Hisabati hajaielewa na amesema mwenyewe, jambo ambalo mwaka jana angelificha chini ya mstari mwekundu.

Baiolojia ni usanisinuru. Alieleza vizuri: jani, mwanga wa jua, maji kutoka kwenye mizizi, hewa ya kaboni dayoksaidi, mmea unajitengenezea sukari yake na kuachia oksijeni. Nikajua tumemaliza. Mdogo wake akauliza, "Sasa usiku jua likizama, mti unakula nini?" Dada mtu akafungua mdomo, akafunga. Mimi pia. Swali limeandikwa nyuma ya kaunta buku, linasubiri kipindi cha kesho.