Wadogo zangu wa fildi, tazameni mnapokanyaga

Wiki hii nimewaona wageni watatu wakifukuzana na mbawakawa kwenye fukwe za Ghuba ya Chesapeake, Virginia, nyavu juu, miguu ikichimbua mchanga mbichi. Nimepiga kelele hadi sauti imekauka. Haya, kaeni tuongee.

1. Dorsalis, huyu mbawakawa wa ufukweni tunayemhesabu, hafukuzwi. Akitimua mbio macho yake hayashiki kitu, ndiyo maana husimama ghafla, akatazama upya, akaondoka tena. Msogelee akisimama, kivuli chako kikiwa nyuma yako.

2. Mbawakawa waliokomaa tunawahesabu Julai, jua likiwaka. Mawingu yakitanda, rudini kambini.

3. Mabuu. Hapa ndipo penye kidonda changu. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa nakokota toroli lenye deli la maji, vigingi na kamba. Mchanga mkavu wa juu ulimeza magurudumu, nikateremka kwenye ule mbichi ulioshikana baada ya maji kupwa. Toroli likateleza, na mimi nikaimba njia nzima. Nilipogeuka, vile vishimo vya mviringo, vyembamba kuliko penseli, vilikuwa vimefutika chini ya alama za magurudumu. Nikapiga magoti, nikachimbua kwa vidole. Buu wa kwanza alikuwa bado ameng'ang'ania ukuta wa shimo kwa kulabu za nundu yake ya mgongoni, kichwa kimebonyea. Wa pili vilevile. Buu huyu hukaa mchangani karibu miaka miwili akivizia vijidudu vipite mlangoni pake, kisha huishi wiki chache tu akiwa mbawakawa kamili. Na nilikuwa najua! Nilijua kwamba tangu 1990 sheria ya Marekani inamtambua kama mdudu aliye hatarini, na kwamba magari ya ufukweni ni miongoni mwa yaliyomfuta kwenye fukwe nyingi za kaskazini, alikokuwa amejaa tele. Nikaona toroli si gari. Kiongozi wetu, mama mmoja mpole, hakunigombeza. Alinipa daftari akasema, "Andika yote." Niliandika huku nalia.

4. Lebo ya sampuli iandikwe palepale, kwa penseli.

Jana jioni mmoja wenu alikuja kuniuliza toroli lipite wapi. Juu, mdogo wangu, kwenye mkavu. Likakwama, tukalibeba wote wanne.