Silti ikivurugwa inakuwa uji, kwa nini?

Swali: Mhariri, tulikata donge la silti (udongo wa chembe laini kuliko mchanga) shimoni likabeba mzigo poa tu, ila tulipolivuruga na kulishindilia tena, maji yaleyale, likabonyea kama uji. Mbona hivyo?

Jibu: Ndugu, mlichovunja ni muundo wake. Chembe za silti, ndogo kuliko milimita 0.06, zilitua taratibu zikaacha matundu, halafu mara nyingi chokaa kidogo inazigandisha pale zinapogusana, sasa mzigo ukiwa mdogo haibonyei sana, lakini ukizidi kiwango fulani viungo vinakatika inashuka ghafla. Iliyovurugwa haina hiyo breki, inabonyea tangu mwanzo. Loesi, yaani silti iliyoletwa na upepo, ndo noma, ikiwa kavu inasimama wima kama ukuta, ikilowa inaporomoka. Na bomba la kuchukulia sampuli ya udongo nalo, likiibana silti iliyo legelege, maabara itakupa nguvu ya uongo, kubwa kuliko ya kweli.