Subiri Makaa Ndipo Uteleke

Mara ya kwanza kupiga kambi niliteleka maharage wakati kuni ndiyo kwanza zimeshika moto. Ndimi zikapanda ubavuni mwa sufuria mpaka mpini ukawa haushikiki. Chini yakaungua, juu yakabaki magumu kama kokoto. Tulikuwa watu sita, tumetembea mchana kutwa, na tukalala na njaa. Iliniuma sana, maana mpishi nilikuwa mimi.

Tangu siku hiyo siinjiki kitu kabla makaa hayajaiva. Kuni kavu za mti mgumu, zenye unene wa kifundo cha mkono, huchukua kama dakika 45 hadi saa nzima kuwa makaa mekundu yaliyojifunika jivu jeupe. Tumia muda huo kumenya vitunguu na kukata nyama. Kuni laini zenye utomvu huwaka upesi lakini hazikai, na zile mbichi ni moshi mtupu.

Kisha gawa moto wako. Upande mmoja acha kuni ziendelee kuwaka, na upande wa pili ndio wa kupikia. Makaa yakinyong'onyea, unavuta mengine kwa kijiti. Ukitaka kujua ukali wake, weka kiganja kama sentimita 15 juu yake uhesabu. Ukiondoa mkono kwenye mbili, hapo ni pa kukaangia. Ukifika tano au sita, hapo chakula kitachemka taratibu.

Mafiga usiyaokote mtoni. Jiwe lililokaa majini huficha maji ndani, na yakigeuka mvuke jiwe hupasuka na kurusha vipande.

Chakula ninachokiamini zaidi kambini ni mchuzi wa nyama ya mfupa. Kaanga nyama kwenye makaa makali, kidogo kidogo, mpaka igeuke kahawia. Ukiijaza yote kwa pamoja itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Tia vitunguu, kwangua chini kwa mwiko, maana utamu wote umeganda pale. Mimina maji, funika, sogeza kwenye makaa dhaifu, uiache kama saa mbili. Viazi viingie nusu saa ya mwisho, la sivyo vitavurugika. Usifunue funue, sikiliza. Mchuzi wenye maji ya kutosha hutoa mlio mzito wa kutokota. Mlio ukigeuka mwembamba, kama wa mafuta yanayokaanga, ongeza maji moto mara moja.

Maharage yaloweke tangu usiku na maji yake uyamwage. Yale mekundu makubwa lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwa sababu yana sumu ambayo joto dogo haliimalizi. Na kama kambi iko mlimani, jipange: kwenye mita 3,000 maji huchemka kwenye nyuzijoto 90 hivi, kwa hiyo maharage hukawia mno. Huko mimi hubeba dengu zilizoparazwa.

Wali nao unataka kupaliwa. Maji yakikaribia kukauka, bakisha makaa machache chini, mengi yaweke juu ya mfuniko. Sufuria nzito ya chuma ndiyo inayofaa, kwani joto hutulia ndani yake na ukoko hautakuwa mkaa.

Jambo dogo lililoniokoa na kazi kubwa: paka sabuni ya maji nje ya sufuria kabla ya kuteleka. Masizi yatatoka kwa kusuuza tu.

Mkishakula, usiufunike moto kwa mchanga ukaenda kulala, kwa kuwa makaa hukaa hai chini yake kwa saa nyingi. Mwaga maji, koroga jivu, mwaga tena, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu. Ukihisi joto bado, rudi ukachote maji mengine.