Miamba myeusi ya baharini: planktoni ilizidi au oksijeni iliisha?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma jiolojia hapa Dodoma, darasani tumebishana mpaka basi. Wengine wanasema miamba tope myeusi ya bahari za kale imejaa mabaki ya viumbe kwa sababu chini hakukuwa na oksijeni, wengine wanasema hapana, ni planktoni tu, vile viumbe vidogo vinavyoelea majini, ilikuwa nyingi huko juu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hata wakubwa wamelibishania sana swali hilo, mwaka 1980 watafiti Demaison na Moore waliweka uzito kwenye ukosefu wa oksijeni, 1990 wenzao Pedersen na Calvert wakasema jamani tuanze na uzalishaji wa planktoni. Mimi naona ukishika upande mmoja tu unapotea.

Chukua miamba myeusi ya Holzmaden, kusini mwa Ujerumani, iliyojitengeneza baharini miaka kama milioni 183 iliyopita. Volkano za Karoo huku kusini mwa Afrika zinamwaga hewa ukaa, dunia inapata joto, mvua inaongezeka na mito inabeba virutubisho mpaka baharini, planktoni inashamiri, halafu yale maji yenye chumvi kidogo yanakaa juu hayachanganyiki na ya chini, kwa hiyo oksijeni haishuki na hata ile kidogo iliyokuwepo inamalizwa na bakteria wanaoozesha planktoni iliyokufa. Matabaka mengine pale yana kaboni ya mabaki ya viumbe zaidi ya asilimia 10!

Ushahidi upo kwenye jiwe lenyewe. Vijitabaka vyembamba kabisa, havijavurugwa, manake hakuna mnyoo aliyechimba, oksijeni ilikosekana. Ikthiosauri, yaani reptilia wa baharini wa kale, wengine wamekutwa na watoto tumboni, hata alama za ngozi zimebaki. Ila kuna matabaka yana kombe walioishi chini kabisa, kwa hiyo oksijeni ilikuwa inarudi rudi, anayesema sakafu ilikufa moja kwa moja anatia chumvi.

Sasa hapa ndo penye utamu: tope likikosa oksijeni linaachia fosforasi, ambayo ni kirutubisho, irudi kwenye maji, ikifika juu inalisha planktoni tena, inaoza, oksijeni inazidi kupungua. Yaani zile pande mbili mnazobishania zinalishana zenyewe.

Na msisahau mchanga na udongo wa mito. Ukija mwingi, kaboni inazimuliwa kama maziwa yaliyotiwa maji, asilimia inashuka wakati planktoni ni ile ile. Tope likishuka polepole mno kwenye maji yenye oksijeni, mabaki yanaoza kabla hayajafukiwa.

Leo Bahari Nyeusi ina kina cha zaidi ya mita 2,000 lakini oksijeni inaishia mita 100 mpaka 200 hivi, pale kutochanganyika kwa maji ndo kunaongoza. Pwani ya Peru kinachoongoza ni wingi wa planktoni, maana maji ya chini yanapanda na virutubisho.

Kwa hiyo mkipewa sampuli msianze na rangi. Pimeni kaboni pamoja na molibdenamu, metali inayojikusanya kwenye tope lisilo na oksijeni, angalieni vipunje vya pairiti (madini ya chuma na salfa) kwa hadubini, vikiwa vidogo vidogo na vimelingana mara nyingi vilijitengeneza kwenye maji yenyewe yasiyo na oksijeni, halafu mfanye hivyo tabaka kwa tabaka.