Kabla Hujanunua Darubini, Nisikilize

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia: "Kaka, nina laki tatu na nusu, niambie darubini gani inavuta sana." Swali hili nalipata kila mara, na jibu langu huwaudhi wengi: hela yako iweke kwanza.

Sisi wapenda anga tunajuana. Kila mmoja wetu anataka kuziona pete za Zohali kwa jicho lake mwenyewe, siyo kwenye simu. Ila tamaa hii ya kuvuta sana ndiyo iliyomponza shemeji yangu.

Mimi nilianza na darubini ya macho mawili, ya mtumba, niliyouziwa na mzee aliyewahi kuwa baharia. Imeandikwa 7x50, yaani inakuza mara 7 na kila lenzi ya mbele ina upana wa milimita 50. Shemeji alipoiona alinicheka mbele ya wageni, akaniuliza kama siku hizi nalinda ng'ombe. Haukupita muda akaja na yake mpya, boksi lina picha ya galaksi na maandishi makubwa: MARA 525! Sikumjibu. Nilichukua kalamu.

Lenzi yake ina upana wa milimita 70 na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi hadi pale inapoikusanya nuru, wa milimita 700. Ukuzaji unaupata kwa kugawa urefu huo kwa fokasi ya kioo unachochungulia. Kioo cha milimita 10 kinakupa mara 70. Wao wameweka cha milimita 4, ikawa 175, wakaongeza kipande cha kuzidisha mara 3. Ndiyo hiyo 525. Hesabu ni sahihi, lakini nuru inayoingia ni ile ile. Kwa kawaida darubini haifai kuzidi mara 2 kwa kila milimita ya upana wake, kwa hiyo ile mwisho wake ni 140. Usiku huo Mshtarii iligeuka kidoa cha ukungu, stendi ikatetemeka kila ilipoguswa, na kwa kuwa dunia inazunguka, sayari ikatoka kwenye kioo kabla hajamaliza kumwita mkewe aje aone. Leo ile stendi inaanikiwa taulo. Nasema haya bila kinyongo.

Kwa 7x50 yangu, nikiegemea nguzo ili mikono itulie, nimeiona miezi minne ya Mshtarii, ile ile aliyoiona Galileo Januari 1610, nikaichora daftarini usiku hadi usiku ikihama upande. Nimekiona Kilimia pia, lile kundi la nyota. Wazee walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na walikiona kwa macho tu: nyota sita, saba. Kwa darubini zinamwagika makumi. Nuru yake husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, na bado imechukua takriban miaka 440 kutufikia. Iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Na hao ni majirani! Andromeda ni galaksi nyingine kabisa, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota nje ya huu wetu, nuru yake ina miaka milioni 2.5 njiani. Niliiona kijijini mwezi wa Novemba, upande wa kaskazini: kijiwingu hafifu, hakina zile rangi za kwenye boksi.

Basi jifunze anga kwanza. Zima taa, yape macho dakika 20 hadi 30 yazoee giza, na ukichungulia simu ujue umeanza upya. Umeme ukikatika, wenzako wakilalamika, wewe toka nje. Siku ya kununua ikifika, nunua upana wa lenzi na stendi nzito. Na jua usilielekezee darubini kamwe bila kichujio maalumu kinachofunika lenzi ya mbele. Utapofuka.

Vijana tunapenda kifaa kuliko kazi yenyewe. Tunataka kuonekana tunacho. Anga halitaki hivyo, linataka utoke tena kesho, na keshokutwa, mbu wakikuuma. Tena sisi tumependelewa: jioni za Mei, ukiwa Dar au Mombasa, kundi la nyota la Dubu Mkubwa liko kaskazini na lile la Msalaba wa Kusini upande wa pili, kwa wakati mmoja. Aliyeko London huo Msalaba haoni kabisa. Na bado wapo watu, wengine wa ukoo wangu, wanaoamini nyota nzuri ziko Ulaya.