Kabla hujamlipa mchora ramani

Anayejenga nyumba ya familia hapa Tanzania huhesabu nondo kipande kwa kipande, lakini ramani anainunua kwa kutumiwa picha WhatsApp. Picha inavutia kweli: paa la kuficha (bati limefichwa nyuma ya ukuta wa juu), vioo virefu, gari limeegeshwa mbele. Tatizo ni kwamba mchoro ule haujui kiwanja chako kinateremkia wapi, barabara iko upande gani, wala shimo la maji taka litakaa wapi gari la kunyonya lifike.

Ukitaka kuijua ramani mbovu ya ghorofa, hesabu vipandio vya ngazi. Kutoka sakafu hadi sakafu kwa kawaida ni kama mita 3.2. Mchoro ukionyesha vipandio 12, kila kimoja kina kimo cha karibu milimita 267, na bibi hapandi hapo hata kwa kushikwa mkono. Ngazi ya nyumbani inataka kimo cha milimita 160 hadi 175, yaani vipandio 19 au 20. Hivyo haviingii katika nafasi iliyoachwa, kwa hiyo fundi atakula chumba au korido, na nguzo zilizopangwa chini hazitakutana tena na kuta za juu.

Kosa jingine ni unene wa ukuta. Ramani imechorwa kwa tofali la inchi 6 lililosimamishwa, fundi wako akalaza. Kila ukuta unaongezeka karibu sentimita 8. Chumba cha mita 3 kilichobanwa na kuta mbili kinapoteza sentimita hizo hizo, nne kila upande, kisha plasta inadai zake, na kabati ulilolipimia kwenye karatasi halikai. Mbunifu makini huandika aina ya tofali na namna ya kulijenga, na vipimo vyake husema wazi kama ni vya ndani au vya nje.

Kumpata huyo makini, anza na usajili. Wabunifu majengo wanasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, chini ya sheria ya mwaka 2010. Omba jina lake kamili na namba ya usajili, kisha uulize bodi kama usajili huo uko hai. Wapo vijana wanaochora vizuri sana kwenye kompyuta, halafu wanaazima muhuri wa mtu ambaye hajaiona kazi. Likitokea la kutokea, mwenye muhuri hakujui na mchoraji hana cha kupoteza. Kwa hiyo mkataba usaini na mwenye muhuri mwenyewe.

Halafu omba kuona nyumba iliyokwisha kujengwa na kukaliwa angalau masika moja. Picha za kompyuta hazivuji. Muulize mwenye nyumba mambo matatu: gharama ilizidi makadirio kwa kiasi gani, maji yaliingilia wapi, na mbunifu alipokea simu ujenzi ulipoanza? Kama ni nyumba ya paa la kuficha, uliza zaidi kuhusu gata, yaani mfereji wa maji ya paa. Maji yote ya bati yanakusanyika nyuma ya ule ukuta wa juu. Tundu la kutolea likizibwa na majani, maji yanarudi kwenye dari. Mchoro unaojiheshimu unaonyesha mteremko wa gata, matundu mawili au zaidi ya kutolea maji, na tundu la dharura litakalomwaga nje kabla maji hayajapanda. Asiyeweza kukuchorea hayo, mwachie mwenye paa la kawaida.

Mkikutana mara ya kwanza, sikiliza anauliza nini. Akianza na “unataka vyumba vingapi?” na kuishia hapo, shukuru uondoke. Anayeifahamu kazi ataomba kuona hati na ramani ya upimaji, atataka kufika kiwanjani aone bikoni za mipaka, udongo na mteremko, atauliza jua la jioni na upepo. Dar es Salaam madirisha makubwa yanafaa zaidi kuta za kaskazini na kusini. Upande wa magharibi jua la alasiri linaoka chumba. Naye atakuuliza fedha zinakujaje.

Hilo la fedha usilifiche kwa aibu. Wengi wetu tunajenga kwa awamu, na nyumba inaweza kubuniwa hivyo tangu mwanzo: awamu ya kwanza vyumba viwili, jiko, choo na sebule chini ya paa linalojitegemea, awamu ya pili chumba cha masta na chumba cha wageni, pasipo kubomoa kenchi (fremu zinazobeba bati) wala kukatiza bomba la maji taka. Usiposema, utachorewa jumba zima chini ya paa moja. Utaishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, miaka minne, mvua inanyeshea ndani.

Kuhusu ada, kuna njia tatu: bei ya jumla, bei kwa kila mita ya mraba, na asilimia ya gharama ya ujenzi. Kwa nyumba ya familia tunapendelea bei ya jumla yenye orodha ya kazi. Akitaka asilimia, andikeni ni ya gharama ipi. Chukua mfano: 5% ya makadirio ya shilingi 120,000,000 ni 6,000,000. Gharama ikifika 160,000,000, ada inakuwa 8,000,000, hata kama ongezeko limetokana na kupanda kwa bei ya saruji tu. Ifungeni kwenye makadirio ya siku ulipokubali mchoro wa awali.

Sasa hiyo milioni sita usiitoe kwa mkupuo. Mgawanyo unaotenda haki pande zote: 20%, yaani 1,200,000, mkishasaini, 30%, 1,800,000, ukikubali mchoro wa awali, 35%, 2,100,000, ukipokea michoro kamili, na 15%, 900,000, kibali cha ujenzi kikitoka halmashauri. Hiyo ya mwisho ndiyo inayomrudisha ofisini kurekebisha michoro ikikataliwa. Lakini kama kibali kimekwama kwa sababu hati yako ina mgogoro, si kosa lake. Wekeni siku, tuseme 60, baada ya hapo alipwe. Na usianze kuchimba msingi huku “kibali kinashughulikiwa”. Ndivyo nyumba zinavyopigwa X ya kubomolewa.

Mkataba ueleze “michoro kamili” ni nini: ramani ya kiwanja yenye umbali kutoka mipaka, ramani ya sakafu, mikato (nyumba ikionyeshwa kama imekatwa wima) angalau miwili, sura zote nne za nje, paa, jedwali la milango na madirisha, umeme, maji safi na maji taka. Michoro ya nguzo, mihimili na nondo ni kazi ya mhandisi, na mchanganuo wa vifaa ni wa mkadiriaji majenzi. Uliza kama ada zao zimo, maana hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia. Taja pia marekebisho mangapi ni bure. Mawili kwenye mchoro wa awali yanatosha. Baada ya hapo kuhamisha choo kunagusa bomba, nondo na paa, na anastahili kulipwa.

Ziara za kiwanjani zilipwe kivyake, kwa kila safari pamoja na nauli. Kama fedha ni ndogo, chagua nne: siku ya kuseti jengo (kupima na kuweka alama za msingi), kabla ya kumwaga zege la jamvi, yaani la sakafu ya chini, kwenye lenta, na kenchi zikishasimama kabla ya bati. Ya jamvi usiikose kabisa. Bomba la choo lililokaa pasipo mteremko likishafunikwa na zege, kulirekebisha ni kuvunja sakafu.