Kitabu cha Leso: Karatasi na Uzi Kabla ya Jalada

Anayeanza kutengeneza vitabu vya sanaa kwa mkono hukimbilia kitambaa. Anapita Biashara Street jijini Nairobi, anachagua leso yenye jina tamu, na jalada linakuwa limeshakamilika kichwani. Karatasi inakuja baadaye, rimu yoyote ya ofisini. Kosa hilo ukilifanya, hakuna gundi itakayolirekebisha.

Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala upande mmoja. Mkunjo ukifuata nyuzi, ukurasa hulala wenyewe. Ukizikata nyuzi, ukurasa husimama, mkunjo hupasuka, na mvua zikianza kurasa hupinda kama mawimbi. Rimu nyingi za A4 zina nyuzi zinazofuata urefu wa sm 29.7, kwa hiyo ukikunja A4 katikati upate A5 umekunja kinyume. Afadhali ununue karatasi kubwa kwa wachapaji wa River Road, uzito wa gramu 120 kwa mita mraba, na uwaeleze wazi kwamba nyuzi ziwe sambamba na mkunjo. Wakikuambia karatasi ni karatasi tu, pima mwenyewe: kata kipande cha mraba, kilowanishe upande mmoja. Kitajiviringa kuwa bomba, na urefu wa bomba hilo ndio mwelekeo wa nyuzi.

Kabla ya kukata chochote, amua umbo. Jina la leso ni mstari mmoja mrefu, na mara nyingi linapendeza zaidi likisomwa kwenye kitabu cha kukunjua, yaani karatasi moja ndefu iliyokunjwa huku na huko, kuliko likibanwa juu ya jalada. Mwaka 1913 huko Paris, mchoraji Sonia Delaunay alipaka rangi kando ya shairi la Blaise Cendrars kwenye karatasi ya karibu mita 2 iliyokunjwa namna hiyo. Jicho linashuka na rangi na maneno kwa pamoja. Ukichagua umbo hili, usikunje kurasa moja baada ya nyingine, maana kosa la nusu milimita litakuwa milimita 4 ukifika mkunjo wa nane. Kunja katikati, kisha kila nusu katikati yake, mpaka upate kurasa 8 au 16. Ukiunga karatasi mbili, acha ulimi wa sm 1.5 na uufiche nyuma ya mkunjo.

Kwa kitabu chenye kurasa nyingi tunapendekeza mshono wa Kikopti, uliozaliwa Misri na ambao ndugu zake bado wako hai katika vitabu vya ngozi vya Ethiopia. Kitabu hufunguka kikalala bapa, na uzi unabaki wazi mgongoni kama sehemu ya mchoro. Kina mama waliozoea kufuma vitambaa vya makochi huushika haraka kuliko wachoraji, kwa kuwa mkono wao tayari unajua kukaza sawasawa.

Chukua karatasi 24 na uzigawe mafungu 6 ya karatasi nne nne. Kunja kila fungu katikati, kisha yakandamize chini ya uzito usiku kucha. Kwa mgongo wa sm 21, toboa matundu 4 kwenye sm 2, 7.5, 13.5 na 19, ukitumia kipimo kimoja cha karatasi kwa mafungu yote. Toboa kutoka ndani ya mkunjo, kwa msharasi mwembamba. Tundu likiwa kubwa kuliko uzi, fungu litacheza milele. Kwenye kadibodi ya mm 2 matundu yakae sm 1 kutoka ukingoni.

Uzi wa mita 2 unatosha. Ule mwembamba wa fundi viatu unafaa, lakini wa nailoni uuache: fundo linateleza na karatasi inakatika. Upitishe juu ya nta ya nyuki mara mbili. Shona fungu la kwanza pamoja na jalada la nyuma. Kuanzia fungu la tatu, uzi ukitoka tunduni hushuka katikati ya mafungu mawili ya chini, huzunguka nyuma ya mshono wao, kisha hurudi katika tundu lile lile. Unapokaza, vuta kuelekea unakoshona. Ukivuta kwenda nje, mkunjo unachanika. Uzi ukiwa mnene, mgongo hunenepa kuliko ukingo wa mbele na kitabu kinabaki kimeachama.

Jalada lenyewe hutangulia kushona, kwa sababu linahitaji kukauka. Fua leso kuondoa wanga na rangi iliyozidi, piga pasi, halafu ibandike kwenye karatasi nyembamba kwa uji wa ngano. Bila karatasi hiyo gundi hupenya na kuacha madoa yanayong'aa. Uji ni kipimo 1 cha unga kwa 5 vya maji, upikwe ukikorogwa, uchujwe, upoe. Tone mbili tatu za mafuta ya karafuu husaidia kuzuia ukungu. Acha ukingo wa sm 2 kuzunguka kadibodi. Pembe zikatwe mshazari mm 3 kutoka kwenye ncha, zaidi kidogo ya unene wa kadibodi, la sivyo ncha itachungulia.

Kitambaa kikikauka huvuta kadibodi, ndiyo maana majalada hupinda. Dawa ni kubandika karatasi ndani ili ivute upande wa pili, kisha kukandamiza saa 24. Aprili au kwenye baridi ya Julai, yape siku tatu na ubadilishe karatasi za kunyonya unyevu kila siku. Usitumie gazeti lililochapwa, wino wake huhamia kwenye leso.

Toleo la nakala 10 linatosha mkono mmoja, na leso mbili za jozi zina jina mara mbili tu, kwa hiyo panga mapema nakala ipi itapata maneno na ipi itapata pindo. Nambari, 3/10 kwa mfano, iandikwe kwa penseli ukurasa wa mwisho, pamoja na jina la karatasi, mwaka na sahihi.